Miti ya Mabingwa: Shule Iliyoufundisha Mji wa Iten Kukimbia

Julai 1976 michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Montreal, Kanada, bila Kenya. Mataifa mengi ya Afrika yalikuwa yameisusia kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki huku timu yake ya raga ikiizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mike Boit, aliyetazamiwa kumkaba koo Alberto Juantorena wa Kuba katika mita 800, aligeuka mtazamaji tu, na Juantorena akatwaa dhahabu kwa rekodi mpya ya dunia ya dakika 1:43.50. Katika mita 10,000, mbio ambazo Waafrika walizikosa pia, Brendan Foster wa Uingereza aliibuka wa tatu na kujipatia medali ya shaba.

Boit na Foster waliunganishwa na shule moja ya wavulana iliyo ukingoni mwa Bonde la Kerio, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Montreal. Boit alikuwa mwanafunzi wa zamani wa St Patrick's High School, Iten. Peter, ndugu yake Foster, alikuwa mwalimu papo hapo na ndiye aliyewanoa wanafunzi katika riadha. Mwaka huohuo wa 1976 aliwasili mwalimu mwingine mgeni, Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Mallow katika jimbo la Cork, Ireland. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwahi kuwa mwanariadha, wala hakuwa na cheti chochote cha ukocha, na nia yake ilikuwa kukaa miezi michache tu.

Hakuondoka.

St Patrick's ilianzishwa mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kenya, na ikawa mikononi mwa Mabruda wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Iten wakati huo ilikuwa kituo kidogo tu kwenye barabara inayotoka Eldoret na kuteremka kwenye genge kuelekea Kabarnet. Mtu akisimama mahali hapo huwa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mbele yake ardhi inakatika ghafla hadi chini bondeni, ambako joto ni kali na mbuzi hupekua vichaka vya miiba. Juu ni baridi, ukungu, mahindi na ng'ombe wa maziwa.

Wanasayansi wengi wamepanda huko wakitafuta siri ya wakimbiaji wa Kalenjin. Wamepima damu, wamepima miguu, wamehesabu kilomita ambazo watoto hutembea kwenda shule, wamechunguza ugali na maziwa. Hewa nyembamba ya nyanda za juu bila shaka ina mchango wake. Lakini hewa hiyo ilikuwepo kabla ya 1961, na genge lilikuwepo, na Wakeiyo, Wamarakwet na Wanandi walikuwa wakipanda na kushuka humo vizazi na vizazi bila ya dunia kusikia habari zao. Kilichoongezeka ni shule ya bweni: mahali ambapo wavulana kutoka vijiji vilivyotawanyika walikaa pamoja kwa miaka minne, wakaamshwa kwa kengele ileile, wakala chakula kilekile, na kukimbia chini ya jicho la mtu mmoja aliyewajua kwa majina.

Kenya yenyewe ilikuwa imeshaonja sifa. Wilson Kiprugut aliipatia nchi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, huko Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, Mexico City, Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walirudi na dhahabu, na kikosi cha mbio za kupokezana vijiti mita 400 mara nne kikachukua fedha. Wengi wa wanariadha wa kizazi hicho walilelewa na jeshi, polisi au magereza. Taasisi hizo zilimpokea kijana akiwa tayari mtu mzima, zikampa mshahara, viatu na muda wa kufanya mazoezi. Kilichokosekana ni ngazi ya chini yake, mahali pa kumshika mkimbiaji akiwa bado na umri wa miaka 15 au 16, kabla hajaitwa na shamba, ndoa au kazi ya kibarua.

Boit alikuwa ishara ya mapema kwamba shule ingeweza kuwa ngazi hiyo. Huko Munich mwaka 1972 alipata shaba katika mita 800 na kumaliza wa nne katika mita 1,500. Mwaka 1978 alikuwa bingwa wa mita 800 wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Alisomea Marekani hadi shahada ya uzamivu, akarudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo na baadaye profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa wavulana wa Iten, mfano wake ulikuwa na pande mbili: mbio zilimpeleka darasani, na darasa lilimpa kazi baada ya miguu kuchoka.

Peter Foster alipoondoka mwaka 1977, mikoba yake iliangukia mikononi mwa mwalimu wa jiografia. Bruda Colm amesimulia mara nyingi jinsi alivyoanza: kwa kuwatazama wanafunzi. Hakuwa na vitabu vingi vya mafunzo wala maabara, na uwanja ulikuwa wa nyasi na udongo. Aliwauliza vijana wanajisikiaje baada ya mazoezi, akaandika, akalinganisha. Kidogo kidogo akatambua kwamba mkimbiaji wa Iten haji akiwa hana kitu. Mapafu yake yamekwisha kujengwa na milima. Kazi ya mwalimu ni kumfundisha namna ya kuutumia mwili huo bila kuuvunja.

Ndiyo maana mazoezi yake yamewashangaza wageni waliotarajia kuona watoto wakikimbizwa hadi kutapika. Kipindi chake kinaweza kuanza kwa mazoezi ya viungo yanayofanana na ngoma: kuinua magoti, kurusha mikono, kukanyaga kwa mpigo mmoja. Kwa miaka mingi amesisitiza mambo manne, yaani umakini wa akili, mwili ulionyooka, kiwiliwili kisichoyumba, na mpigo wa hatua unaokwenda sambamba na mikono. Kundi lake ni dogo. Haonekani akipiga kelele kando ya uwanja. Kijana akichoka, hupumzishwa, na msimu ukiisha huambiwa aende nyumbani akawasaidie wazazi.

Matunda hayakuchelewa. Mapacha wawili kutoka shule hiyo, Charles na Kipkoech Cheruiyot, walikuwa bado vijana wadogo walipoanza kuzungumzwa Ulaya. Mwaka 1983, huko Munich, Kipkoech alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:34.92, muda ambao hakuna mkimbiaji wa chini ya miaka 20 aliyekuwa ameufikia. Mwaka uliofuata ndugu hao wote wawili waliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Los Angeles, na Charles akamaliza wa sita katika fainali ya mita 5,000. Nchi ambayo ilikuwa imezikosa Olimpiki mbili mfululizo kwa sababu za kisiasa, Montreal na Moscow, ilikuwa inarudi na sura mpya, na sura hizo zilitoka bwenini.

Mlango mwingine ulifunguka Marekani. Vyuo vikuu vya huko vilikuwa vikitafuta wakimbiaji na vilikuwa tayari kuwalipia karo. Boit alikuwa ameshapita njia hiyo. Ibrahim Hussein, mwanafunzi mwingine wa zamani wa St Patrick's, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha New Mexico, na huko akageukia mbio za marathoni, ambazo Wakenya wengi hawakuzijali wakati huo. Mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York.

Aprili 1988 alikuwa Boston. Kwenye kilomita za mwisho walibaki wawili kileleni, wote wa Afrika Mashariki: Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania, mwanajeshi aliyejulikana kwa kukaza kasi tangu mlio wa bunduki. Wakavutana hadi mtaa wa mwisho. Hussein alikata utepe kwa saa 2:08:43, Ikangaa kwa saa 2:08:44. Sekunde moja katika zaidi ya kilomita 42. Wa tatu alikuwa John Treacy wa Ireland, nchi ya wale mabruda wa Iten. Kabla ya siku hiyo hakuna Mwafrika aliyekuwa ameshinda Boston. Hussein alirudi kushinda tena mwaka 1991 na 1992, na baadaye akaongoza kituo cha maendeleo ya riadha cha shirikisho la dunia mjini Nairobi.

Miezi michache baada ya Boston, ikaja Seoul. Kenya ilitwaa dhahabu nne za riadha katika Olimpiki hiyo ya 1988, na iliyowashangaza wengi zaidi ni ile ya mita 1,500. Kwenye mstari walisimama majina makubwa, akiwemo Steve Cram wa Uingereza, bingwa wa dunia wa mwaka 1983. Peter Rono, Mnandi wa miaka 21 aliyepitia St Patrick's kabla ya kwenda chuo cha Mount St Mary's huko Maryland, hakuwa akihesabiwa na wengi. Zilipobaki mita mia chache aliongoza, na kila aliyejaribu kumpita alikuta mlango umefungwa. Alimaliza kwa dakika 3:35.96. Peter Elliott wa Uingereza alikuwa wa pili, Jens-Peter Herold wa Ujerumani Mashariki wa tatu, na Cram akabaki mikono mitupu. Rono hakushinda tena mbio kubwa kama hiyo maishani mwake, lakini hadi Jakob Ingebrigtsen wa Norwei aliposhinda Tokyo mwaka 2021, hakuna bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 aliyekuwa mdogo kwa umri kuliko yeye.

Barcelona mwaka 1992 zamu ilikuwa ya Matthew Birir. Katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Kenya imezigeuza mali yake, Birir aliongoza Wakenya watatu kuzoa medali zote: yeye dhahabu kwa dakika 8:08.84, Patrick Sang fedha, William Mutwol shaba. Sang ndiye yule ambaye baadaye angemfundisha Eliud Kipchoge. Birir alikuwa mtoto mwingine wa St Patrick's.

Shule ilipata namna yake ya kuweka kumbukumbu. Kombe huchakaa kabatini na picha hupauka ukutani, kwa hiyo mwanariadha wa shule aliyeng'ara duniani hupandiwa mti ndani ya ua, na kibao chenye jina lake huwekwa chini yake. Mwaka hadi mwaka miti hiyo imekuwa kichaka. Mwanafunzi mpya huipita akienda darasani, akisoma majina ya watu waliokalia madawati yaleyale. Kwa Wakalenjin, mshindi anayerudi nyumbani huvishwa shingoni shada la mmea wa sinendet na kunyweshwa mursik, yaani maziwa yaliyochacha, kutoka kwenye kibuyu, heshima ya siku moja yenye vigelegele. Mti wa Iten unaendeleza heshima hiyo kwa miaka.

Hata hivyo, mfumo wa shule ulikuwa na pengo lililo wazi: ni shule ya wavulana. Wasichana wa vijiji hivyohivyo walikimbia vizuri katika shule za msingi, kisha wengi wao wakatoweka. Mbio zilihesabiwa kuwa mchezo wa utotoni ambao binti angeuacha akikaribia kuolewa. Tena, kijana hata awe mvulana, alikuwa na mwalimu wake kwa muda wa muhula tu. Likizo ikifika alirudi kijijini na mazoezi yakasimama.

Mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi za likizo kwa vijana mjini Iten, na wasichana wakawa na nafasi yao humo. Wanafunzi kutoka shule mbalimbali walikusanyika shule zilipofungwa, wakafanya mazoezi pamoja, wakala pamoja, na kuonyeshana njia. Leo kambi ya mazoezi ni jambo la kawaida kabisa katika Bonde la Ufa, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani zimekuwepo tangu enzi za Keino. Wakati ule lilikuwa wazo geni, hasa kwa mabinti.

Haikupita miaka mingi mabinti wa Kenya wakatokea kwenye majukwaa ya dunia. Mwaka 1991 huko Antwerp, Lydia Cheromei alishinda mbio za nyika za dunia za vijana akiwa na umri wa miaka 13. Miezi michache baadaye, katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, Susan Sirma alipata shaba ya mita 3,000. Mwaka 1997 mjini Athens, Sally Barsosio akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000. Lornah Kiplagat, mkimbiaji aliyeona mwenyewe jinsi ilivyo vigumu kwa mwanamke kupata mahali pa kujinoa kwa utulivu, alianzisha kituo cha mazoezi cha nyanda za juu papo hapo Iten mwaka 1999. Kituo hicho kilikuja kuwapokea pia mabingwa kutoka ng'ambo.

Kati ya wavulana wa St Patrick's wa miaka ya 1980 alikuwemo mmoja mwenye hatua nyepesi ambazo wapenzi wa riadha wanazikumbuka hadi sasa. Wilson Kipketer aliondoka Kenya mwaka 1990 kwenda kusoma Copenhagen, na akakaa. Alipoanza kuwa tishio katika mita 800 alikuwa akivaa jezi nyekundu ya Denmark. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, Göteborg mwaka 1995, Athens mwaka 1997 na Seville mwaka 1999. Alizikosa Olimpiki za Atlanta za 1996, wakati alipokuwa hana mpinzani, kwa sababu uraia wake mpya ulikuwa haujakamilika.

Hasira ya kuikosa Atlanta aliimalizia saa za kielektroniki. Rekodi ya dunia ya Sebastian Coe, dakika 1:41.73, ilikuwa imedumu tangu mwaka 1981. Tarehe 7 Julai 1997 mjini Stockholm, Kipketer aliifikia sawasawa, hadi sehemu ya mia ya sekunde. Tarehe 13 Agosti mjini Zürich akaivunja kwa 1:41.24, katika usiku ambao Mkenya mwingine mwenye jina karibu hilohilo, Wilson Boit Kipketer, alivunja rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, naye Haile Gebrselassie wa Ethiopia akavunja ile ya mita 5,000. Siku 11 baadaye, mjini Köln, Kipketer alishusha tena hadi 1:41.11. Olimpiki hazikumpa dhahabu: Sydney mwaka 2000 alipitwa na Nils Schumann wa Ujerumani kwa sehemu sita za mia za sekunde, na Athens mwaka 2004 akapata shaba. Rekodi yake ilidumu miaka 13.

Kenya ilitazama ushindi wa Kipketer kwa moyo wa namna mbili. Medali zilihesabiwa kwa Denmark, lakini mtindo ulikuwa wa Iten: mabega yaliyotulia, mikono iliyo karibu na mwili, hatua ndefu zisizo na papara. Tangu hapo Wakenya wengine wengi wamebadili uraia, wakaenda Qatar, Bahrain, Uturuki na Marekani, na mjadala kuhusu nani anamiliki kipaji haujaisha.

Aliyekuja kuivunja rekodi ya Kipketer aliletwa Iten na mwanariadha mwingine. Japheth Kimutai, bingwa wa mita 800 wa Jumuiya ya Madola mwaka 1998 aliyewahi kufundishwa na Bruda Colm, alimwona kijana mrefu wa Kimaasai kutoka Kilgoris aitwaye David Rudisha, akampendekeza kwa mwalimu wake mwaka 2005. Rudisha alikuwa mtoto wa nyumba ya riadha. Baba yake, Daniel, alikuwa mmoja wa wale wanne waliotwaa fedha ya kupokezana vijiti Mexico City mwaka 1968, na mama yake alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi. Kijana mwenyewe alikuwa akijaribu mashindano ya michezo kumi kabla ya kuelekezwa kwenye mita 800.

Rudisha hakusoma St Patrick's. Alisoma Kimuron, shule nyingine ya Iten. Jambo hilo linaonyesha mabadiliko makubwa yaliyokuwa yametokea kimyakimya: kile kilichoanza kama timu ya shule kilikuwa sasa kundi la mazoezi, klabu kwa kila hali isipokuwa jina, lililokusanyika kwa mwalimu mstaafu anayeishi ndani ya ua wa shule. Mwanafunzi angeweza kutoka popote. Kilichohitajika ni mtu wa kundi kumjua na kumleta.

Mwaka 2006 Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa vijana huko Beijing. Agosti 2010, katika muda wa wiki moja, alivunja rekodi ya dunia mara mbili: Berlin tarehe 22 kwa 1:41.09, na Rieti, Italia, tarehe 29 kwa 1:41.01. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia mjini Daegu. Kisha ikaja London.

Fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya 2012, usiku wa tarehe 9 Agosti, inatajwa na wengi kuwa mbio bora kabisa za umbali huo kuwahi kukimbiwa. Kwenye Olimpiki hakuna mdhibiti wa kasi wa kulipwa. Rudisha alijichukulia mwenyewe kazi hiyo. Aliongoza tangu wakimbiaji waruhusiwe kuingia njia ya ndani, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, na badala ya kupunguza akaendelea kuwavuta wenzake. Alimaliza kwa dakika 1:40.91, mtu wa kwanza kushuka chini ya 1:41. Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, alikuwa wa pili kwa 1:41.73, muda uleule uliokuwa rekodi ya Coe kwa miaka 16. Shaba ilichukuliwa na Timothy Kitum, Mkenya wa miaka 17 aliyekuwa akifanya mazoezi na Bruda Colm pia. Wa mwisho, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77. Kwa muda huo angekuwa bingwa wa Olimpiki Sydney, Athens na Beijing.

Rudisha alitetea dhahabu yake Rio de Janeiro mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya kurudisha taji lake la dunia. Majeraha yalimwondoa uwanjani baada ya hapo.

Wakati huo Iten ilikuwa imebadilika. Lango kubwa juu ya barabara linamkaribisha msafiri katika mji unaojitambulisha kuwa makao ya mabingwa. Paula Radcliffe na Mo Farah wamefanya mazoezi huko. Alfajiri njia za udongo mwekundu hujaa makundi ya wakimbiaji, maarufu na wasiojulikana, na kila mmoja ana kambi yake, meneja wake na ndoto ya mbio za zawadi nono Ulaya, Asia au Marekani. Nyumba za kupangisha, hoteli ndogo, maduka ya viatu vya mtumba na wakandaji misuli vyote hutegemea miguu. Mwaka 2019 shirikisho la riadha la dunia lilikabidhi Iten kibao cha urithi wa mchezo huo.

Pesa zilizoingia zilikuja na shida zake. Mwaka 2016 Kenya ililazimika kutunga sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli baada ya shirika la dunia linalosimamia suala hilo kutishia kuitenga, na tangu wakati huo orodha ya Wakenya waliofungiwa imezidi kurefuka. Uwanja wa Kamariny, ambao vizazi vya wakimbiaji wa Iten vilitifua vumbi lake, ulifumuliwa ili ujengwe upya, kazi ikasuasua kwa miaka, na mabingwa wa dunia wakabaki wakitafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kasi. Vijana wengine huacha shule mapema kufuata kambi za kulipwa, kinyume kabisa na njia ya Boit, Hussein na Rono, ambao mbio ziliwasukuma kwenye masomo.

Oktoba 2021 mji ulipata pigo zito kuliko yote. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, dakika 30:01. Wanariadha wenzake waliunda shirika la kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na kuliita kwa jina lake. Kifo hicho kilifichua upande ambao takwimu za ushindi hazikuwa zimeuonyesha: binti anayeanza kupata pesa nyingi akiwa mdogo anahitaji ulinzi sawa na anavyohitaji kocha. Wasichana wa kambi za mwaka 1989 walikuwa wanafunzi, na walimu wao waliwajibika kwao. Wengi wa wale waliofuata waliishi peke yao mjini, mikononi mwa watu waliojiita makocha au wachumba.

Mfumo wa mtu kumleta mtu, hata hivyo, bado unazaa. Miongoni mwa wanawake waliofundishwa na Bruda Colm yumo Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mjini Osaka mwaka 2007 kwa dakika 1:56.04 na mshindi wa fedha ya Olimpiki mwaka uliofuata. Alipokaribia kustaafu aligeukia kulea vijana. Mmoja wao alikuwa mvulana kutoka Trans Nzoia aliyekuwa ameacha shule ili kuchunga ng'ombe kwa malipo. Jepkosgei alimsaidia akarudi darasani na akamwonyesha njia ya uwanjani. Jina lake ni Emmanuel Wanyonyi.

Mwaka 2021 Wanyonyi alikuwa bingwa wa dunia wa vijana kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi. Agosti 2024, chini ya kocha Claudio Berardelli, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 jijini Paris kwa dakika 1:41.19, akimshinda Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Siku 12 baadaye, mjini Lausanne, alikimbia 1:41.11. Ndio muda uleule ambao Kipketer aliuandika Köln mwaka 1997, na uliwaweka wawili hao sako kwa bako nyuma ya Rudisha katika orodha ya wakimbiaji wenye kasi zaidi wa umbali huo tangu mbio zianze kupimwa kwa saa: mmoja alisoma St Patrick's, mwingine aliletwa kwa mwalimu wake, na wa tatu alilelewa na mwanafunzi wa mwalimu huyo.